Nafasi Moja ya Rennick

Watu wakiniuliza meli yetu Thornback ilifanya nini vitani, hutaka kusikia tulizamisha nyambizi ngapi. Hatukuzamisha hata moja. Ilikuwa meli ya mizigo iliyotwikwa sitaha ya ndege, fupi, nzito kugeuka, na kazi yake ilikuwa kulinda misafara ya meli za kwenda Murmansk, bandari ya kaskazini mwa Urusi. Ndege zetu zikiwa angani, nyambizi za Wajerumani hazikuthubutu kuibuka. Basi. Hiyo ndiyo historia yake, na wanaoidharau waende wakaoge kwenye maji yale ya barafu.

Mchana ule wa Machi ndege moja ilikuwa bado haijarudi, na mafuta yake yalikuwa yanakaribia kwisha. Rubani alikuwa Rennick, na nyuma yake watu wawili. Ili kuwapokea, ilitubidi tuuache msafara, tuelekeze pua kwenye upepo na kwenda moja kwa moja bila kukata kona, mwendo ambao nyambizi huupenda sana. Manowari iliyokuwa ikilinda ubavu wa kushoto wa msafara ikaja kutulinda sisi. Nahodha akatangaza kwamba Rennick atapewa nafasi moja tu ya kutua.

Mwelekezi wa kutua alikuwa Pengelly, kaka wa mke wa Rennick. Alisimama ukingoni mwa sitaha na vibao vyake viwili vya njano. Sheria yetu haikuwa na mjadala: vibao vikikufukuza, unaondoka, hata uwe admirali.

Rennick alikuja vizuri. Alipokaribia, wimbi likainua mkia wa meli, sitaha ikampandia usoni. Nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya nyaya za kunasia ndege, nikamwona Pengelly akiinua mikono. Akapunga vibao. Akamfukuza shemeji yake. Rennick akatii, akapita juu ya vichwa vyetu huku injini ikikohoa.

"Ushamuua," alisema Tozer, mwenzangu wa sitahani.

Pengelly hakugeuka. "Funga domo, Tozer."

Tukangoja meli irudi kwenye msafara. Haikurudi, ikashikilia upepo ule ule. Nahodha alikuwa amevunja neno lake, na wakati ule nilimpenda kuliko baba yangu.

Mara ya pili mkia wa meli ulitulia. Vibao vikashuka, ndoano ya ndege ikanasa waya, na injini ikazima yenyewe kwa kukosa mafuta. Pengelly akakimbia, akapanda bawani, akamkumbatia Rennick huku analia na kucheka. Ndipo tukasikia mshindo. Upande wa kushoto wa msafara, meli ya mafuta ilikuwa inawaka kutoka pua hadi mkia.

Rennick aliutazama ule moto. "Upande ule ulikuwa unalindwa na nani?"

"Shuka, shem. Twende ukanywe chai."

"Nimekuuliza."

Pengelly akamwambia kwamba manowari ya upande ule ilikuja kutulinda sisi tulipokuwa tunamngoja. Rennick akageuka kuwatazama wenzake wawili nyuma. Hakuna aliyefungua mkanda. Kisha akainama kunitazama mimi.

"Nijazie mafuta, nyambizi ile bado iko pale," alisema.

Pengelly akashuka bawani, akarudi ukingoni kwenye vibao vyake. Nikaenda kuvuta mpira wa mafuta.