Mafuta Chini ya Chumvi

Mzee Nassoro alikuwa ameshaamua kukataa. Kilichobaki ni kupata sababu ya heshima. Binti yake Asma, mwanafunzi wa jiolojia huko Butembo, alikuwa amepata nafasi ya mafunzo ya kazi Muanda, mbali kabisa, kule nchi inakoishia na bahari kuanza. Chuo kilingoja jibu kabla ya swala ya Ijumaa. Asma alikuwa ameteremka Beni asubuhi hiyo na neno moja: bila baraka ya baba, haendi.

"Haya, nielezee," akasema Nassoro, amekalia tairi kuukuu uani, chai ya moto miguuni, kando ya lori lake. "Kule batakufundisha nini?"

"Mafuta ya chini ya bahari, baba. Kwanza kuko jiwe yenye kuzaa mafuta. Banaiita jiwe mama."

"Na baba yake ni nani?" Sauti ilitoka chini ya lori. Ilikuwa ya Kakule, fundi wake kwa miaka ishirini.

"Kakule, kaza buloni yako!"

Asma akacheka, akaendelea. Mito ilishusha matope yenye vidudu vilivyokufa, yakalaliana tabaka juu ya tabaka, na yale ya chini yakaiva kwa joto hadi yakatoa mafuta. "Kisha mafuta inafanya migration."

Nassoro akashtuka. Miaka thelathini alikuwa akivuka mpaka wa Kasindi na mizigo, na kwake migration ilikuwa kitu kimoja tu: dirisha, foleni na muhuri.

"Hata mafuta inapanga mustari kwa ba-migration? Passeport inapata wapi?"

Kakule alicheka mpaka spana ikamwangukia kifuani.

"Hapana, baba! Ni kupanda. Mafuta ni nyepesi, inapanda mu mawe yenye vitundu mpaka ikute mufuniko. Kule Muanda mufuniko ni chumvi, nene sawa kilima."

Ile sababu aliyoitafuta Nassoro ilikuwa inamponyoka, na jambo hilo lilimuudhi, maana sasa alitaka kujua.

"Mais, kama chumvi ilichelewa kuja? Mafuta ilishapita?"

Asma akaacha kucheka. "Rudilia, baba."

"Mimi ninabeba unga. Nikifunika lori na bâche wakati mvua ilishanyesha, ninafunika bugali."

"Ndiyo swali yenyewe!" Asma akamshika mkono. "Kuko pahali mufuniko iko muzuri, lakini mafuta hapana, ilishakimbia mbele ya mufuniko kufika. Banachimba bure. Ndiyo maana banatutuma kusoma kitu gani ilitangulia. Profesa alitumia mwezi muzima kutufundisha ile. Weye ulishaielewa, na hata chai yako haiyapoa!"

Nassoro akajikuna ndevu ili kuficha tabasamu.

"Utakuwa unalala juu ya maji?"

"Hapana. Kazi iko mu bureau, na kompyuta. Ku maji tutaenda siku mbili tu, kuangalia."

"Musikiti iko?"

"Iko, baba. Nilishauliza."

"Leta bic."

Akatia saini kwenye karatasi ya chuo kwa majina yake yote matatu, polepole, bila kukosea hata herufi moja. Kakule akatambaa kutoka chini ya lori, uso mweusi kwa grisi.

"Muzee, juzi ulisema mutoto wako hataenda ku bahari hata siku moja."

"Haendi ku bahari," akajibu Nassoro, akimrudishia Asma karatasi. "Anaenda chini yake. Kakule, kaa hapa nikufundishe."