Lebo Isiyokaa

Wiki nzima Solfrid alikuwa akiitwa mzembe mbele za watu, na Torunn, mtengeneza programu wa manispaa aliyekaa meza ya jirani, yalikuwa yamemfika shingoni.

Manispaa yao, kama nyingi za Norwe, ilianika barua zake mtandaoni kila siku adhuhuri, asomaye asome. Zilizobaki ndani ni zile tu zenye lebo ya siri. Solfrid, afisa wa ustawi, akimaliza barua alibonyeza kitufe, na programu ikabandika lebo hiyo ndani ya faili, mahali pasipoonekana kwenye ukurasa. Tatizo ni kwamba baadhi ya barua zilikuwa zikikutwa hazina lebo.

"Hukubonyeza, dada," alisema Eivind, mkuu wa kompyuta. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

"Nimebonyeza, na lebo nimeiona kwa macho yangu."

"Basi imeota miguu?"

Watu wakacheka. Solfrid hakucheka, kwa kuwa barua ya asubuhi ile ilimhusu Jorid, mama aliyefichwa pamoja na wanawe baada ya mumewe kumvunja mkono. Ndani yake mlikuwa na jina la shule mpya ya watoto.

Torunn akaifungua programu mwenyewe. Alitunga barua ya uongo, akabonyeza, akatazama: lebo ipo. Akafunga faili, akafungua tena: lebo haipo. Akarudia, safari hii akiongeza nukta moja kwenye maandishi. Lebo ikakaa.

Hasira zikampanda. Kumbe kwa programu ya kuandikia, kubandika lebo si kubadili barua. Iliambiwa ihifadhi, ikaona hakuna neno lililoguswa, ikafunga kimya kimya na kuitupa lebo. Barua iliyosahihishwa neno la mwisho ilipona. Iliyoandikwa safi tangu mwanzo ilitoka uchi. Solfrid alikuwa akiadhibiwa kwa kuandika vizuri. Na dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu wa kuiambia programu kwamba faili limebadilika.

Akamkuta Eivind chumba cha chakula, anapaka siagi mkate wake, jibini la kahawia pembeni. Pale kutaja kazi mezani ni utovu wa adabu, na mkuu huyo aliishika sheria hiyo kuliko zote.

"Zima uchapishaji. Kosa ni la programu."

"Torunn, tunakula."

"Saa sita barua ya Jorid inatoka."

"Baada ya mkate, bibie. Halafu tulilete kwenye kikao cha Alhamisi, kila mtu atoe maoni yake."

Maoni gani, jamani, na shule ya watoto iko karibu kuanikwa? Torunn alirudi mezani kwake akazima uchapishaji bila ruhusa ya mtu. Barua ya asubuhi ikabaki ndani. Kisha akatafuta za nyuma. Barua nyingine ya Jorid, yenye mtaa na namba ya nyumba, ilikuwa nje tangu Ijumaa, na mtu mmoja alikuwa ameifungua tena na tena mwisho wa wiki wote.

Solfrid akampigia Jorid simu palepale. Alisema maneno machache, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ameuliza kama ni lazima wahame leo," alisema alipokata simu. "Mdogo alikuwa amepata rafiki."

Eivind alikuja akijipangusa midomo, akaelezwa, akasimama akiwa mwekundu. Hakumwomba Solfrid radhi.

"Tutamwandikia mama huyo barua ya kumtaka radhi," alisema. "Solfrid, muulize anwani mpya, tuiingize kwenye mfumo."

"Amesema akihama hatanipa," Solfrid alijibu. "Nami nimemwambia asimpe mtu yeyote wa hapa."