Salamu ya Bwana Pamba

Mimi Waridi si mtu wa maneno mengi, lakini kwa hili nitasema mpaka mchoke. Mtoto wa dada yangu, Faradji, alivuka ziwa kutoka Ujiji na diploma yake ya uganga wa hospitali, imepigwa mhuri wa Waingereza, ameiviringa ndani ya kitambaa kama kitoto kichanga. Kuchoma sindano anajua, kushona kidonda anajua. Na hospitali ya Kasongo ilikuwa inatafuta infirmier, yaani muuguzi, wa kupeleka dispensari ya Kabambare. Sasa hapo mnataka nini tena? Kazi iko, mtu iko.

Ila Kifaransa hana, hata neno moja. Na enzi zile za Wabeljiki ripoti ilikuwa Kifaransa, chupa Kifaransa, hata sumu imeandikwa Kifaransa.

Ingekuwa ni kazi tu ningemwambia, mwanangu, rudi kwenu. Lakini kulikuwa na Amisa. Baba yake ni mchuuzi wa kule Wamaza, alikuwa akienda naye Ujiji kununua dagaa, na huko ndiko walikoonana. Mzee akakata neno: binti yake haolewi ng'ambo ya ziwa. Anayemtaka apate kazi upande huu kabla ya mfungo wa Ramadhani, la sivyo anapewa kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba, ambaye alishaleta mbuzi. Amisa alikuwa anamlilia Faradji, hataki hata kulisikia jina la yule kapita.

Kifaransa cha Kasongo kilikaa misioni, na sisi Waislamu watoto wetu hawakuingia kule bila kubatizwa. Mtaa mzima mwenye Kifaransa alikuwa mmoja: mume wangu Kassimu. Alikuwa mpishi wa mzungu anayenunua pamba, ndiye tuliyemwita Bwana Pamba, tangu kabla ya vita ya Hitler. Kifaransa chake alikiokota jikoni na mezani, neno kwa neno. Watu walimheshimu kwa hilo, na mimi nilitembea sokoni kichwa juu, niwafiche nini.

"Mutoto huyu niachieni mimi," akasema Kassimu. "Daktari akimusikia tu, atamupa kazi."

Akamfundisha kwanza salamu. Kila asubuhi Kassimu akiingia jikoni, Bwana Pamba humwambia huku anacheka, kiko mdomoni: "Te voilà, paresseux!" Ndiyo salamu yao ya asubuhi, alisema Kassimu, na ya watu waliozoeana. Sisi nyumbani tulishaifanya yetu. Nikimfungulia mlango alfajiri nilimwambia mume wangu hivyo hivyo, "Te voilà, paresseux!", naye ananijibu "Oui, Bwana," tunacheka kama maharusi. Sikuwahi kumsalimu kwa neno jingine, miaka yote ile.

Halafu akamfundisha neno la sifa. Wageni wakila kuku wake wakashiba, Bwana Pamba humshika bega mbele yao, anasema: "Vieux singe!" Wote wanapiga makofi. "Maana yake fundi, mutu anayejua kazi," akasema Kassimu. "Daktari ule ni mutu muzima, umumalizie na hiyo. Atafurahi."

Siku ya kwenda hospitali Kassimu alikuwa jikoni kwa mzungu wake. Mimi je, nikae nyumbani? Thubutu! Nikajifunga kitambaa shavuni, nikajifanya jino linaniuma, nikaketi kwenye benchi la baraza, chini ya dirisha la daktari.

Faradji akaingia, kanzu nyeupe, mkono kifuani, akainama kwa adabu. Akasema salamu yake vizuri, bila kukwama. Daktari akauliza kitu. Masikini mtoto wa watu hakuelewa hata kidogo, basi akatabasamu, akainama tena, akatoa na ile ya pili. Nikasikia kiti kinasukumwa, na daktari anasema kwa sauti ya chini, neno moja moja. Faradji akatoka, akaja kukaa karibu yangu, uso unang'aa.

"Mama mdogo, amesimama! Mzungu amesimama kunipa heshima. Amenionyesha nje, nadhani nisubiri."

Nikamshukuru Mungu pale pale. Nikamwona Amisa ameshaingia nyumbani kwangu na sanduku lake.

Akatoka Théophile, karani wa daktari, kijana wa misioni mwenye adabu zake. Diploma alikuwa nayo mkononi, akamrudishia Faradji.

"Mama, nani alimufundisha maneno haya?"

"Mume wangu," nikasema. Nilijivuna, jamani, bado nilijivuna!

Théophile akaangalia chini. "Ile salamu maana yake, 'Umefika sasa, muvivu wewe.'"

"Na ya pili?"

"Mama, acha tu."

"Sema!"

"'Nyani muzee.'"

Faradji alianza kuiviringa diploma yake, kitambaa kinakataa kufungika. Mimi nikamshika Théophile shati. Rudi, baba, kamwambie kwamba mtoto hakujua! Mwambie ndivyo tulivyosikia sisi kwa wazungu wenyewe!

"Nimemwambia, mama. Ananijibu: mutu asiyejua anachosema, chupa ya dawa ataisomaje? Nikirudi tena nitafukuzwa mimi." Kisha akasema pole. Pole ya nini? Ningeifanyia nini pole? Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwendea Kasongo nzima.

Njiani Faradji alisema jambo moja tu: "Mama mdogo, baba mdogo asijue."

Kassimu aliporudi kutoka kazini akauliza habari. Faradji akamwambia daktari hataki watu wa Waingereza. Mume wangu akawaka. "Uongo! Ulitamka vibaya! Nimekufundisha maneno mazuri, wewe ukayaharibu mudomoni. Sasa Amisa anakwenda kwa kapita, na makosa ni ya ulimi wako!"

"Ndiyo, baba mdogo," akasema Faradji. "Unisamehe."

Nilitaka kupiga kelele. Nilisimama pale na mwiko mkononi, kisha nikarudi kusonga ugali. Ningesema nini? Mzee wa watu, heshima yake yote ilikuwa ni yale maneno.

Siku ya pili Faradji akapanda lori la kurudi ziwani. Baada ya mfungo tukasikia ngoma za arusi zimelia Wamaza.

Alfajiri ile ya lori nilimfungulia Kassimu mlango kama kawaida aende kwa mzungu wake. Akasimama kizingitini, koti limepigwa pasi, anatabasamu, anangoja.

"Mama Waridi, leo haunisalimu?"

Nikaweka mkono shavuni. "Jino linaniuma," nikamwambia.

"Pole," akasema, akashika njia kwenda kusalimiwa na Bwana Pamba.