Nyota ya Kulinganishia

Saa nne asubuhi mtafiti alitakiwa kusimama mbele ya kituo kizima cha darubini na kutangaza kwamba galaksi yake imeamka. Miaka kumi na moja ilikuwa imetulia tuli. Kisha, katika miezi kumi na minane, mwanga wa kitovu chake ukawa maradufu: shimo jeusi lililo katikati limeanza tena kumeza gesi, na gesi hiyo, ikizunguka kabla ya kutumbukia, hupata joto na kung'aa kupita nyota zote za galaksi zikijumlishwa. Kwa lugha ya kazini, amepata kwasa inayozaliwa.

Saa tatu kasorobo, mkuu wake, ambaye wote walimwita Mzee Hapana, aliinamia kompyuta ya mtafiti.

"Mwanga umeupima kwa kulinganisha na nini?"

"Na nyota hii ya pembeni."

"Moja tu?"

"Imetulia, mzee."

"Nani kakwambia?"

Nyota hiyo mtafiti aliirithi kwa aliyemtangulia, kama mtu anavyorithi sufuria bila kuuliza kama ina tundu.

"Kama nyota ndiyo inayofifia, galaksi yako bado imelala fofofo, anayeota ni wewe. Jitoe kwenye ratiba."

"Nipe hadi saa nne."

"Haya. Ukiumbuka, mimi simo."

Mtafiti alichagua nyota nyingine tatu, akapima upya picha zote. Majibu yalionyesha kwamba nyota ya kurithi ilikuwa inabadilika kweli. Mkono ulikuwa tayari kwenye simu ili ajitoe alipogundua kwamba hajaangalia inabadilika kuelekea wapi.

Haikufifia. Iliongezeka mwanga kwa nusu.

Mtoto akipimwa kwa rula inayorefuka, urefu wake husomeka pungufu. Galaksi haikuwa imeongezeka mara mbili, bali mara tatu.

"Mzee! Njoo!"

Mkuu alipiga hesabu mara mbili, ya pili kwa kalamu.

"Bado kuhesabu kwa vidole tu, mzee," mtafiti alimtania.

"Nyamaza, binti, unanichanganya," mkuu alisema, huku meno yote nje.

Saa nne mtafiti alianza na kosa lake, kwa sentensi mbili, kisha akaweka mchoro mpya ukutani. Waliokaa nyuma waliacha viti, wakaja mbele kuutazama kwa karibu, wakisukumana mabega na kuuliza maswali kwa pamoja, naye akacheka, asijue aanze kumjibu nani.