Paka Aliyepewa Sauti ya Lori

Kwa jina la Mola aliyemgawia kila kiumbe sauti yake. Palikuwa na bibi aliyemsemea paka mdogo katika katuni ya televisheni. Na mtayarishaji aliyeigeuza katuni hiyo kuwa filamu. Na mwimbaji maarufu aliyepewa nafasi ya bibi ili tiketi zinunuliwe.

Bibi alikwenda kuitazama filamu hiyo na mjukuu wake, akitamani pengo lake lionekane. Paka akafumbua kinywa, akanguruma kama lori linalopanda mlima.

“Bibi, paka anaumwa?”

“Anaumwa umaarufu, mjukuu wangu.”

Watoto wakaangua kilio: “Tunamtaka paka wetu!”

Mtayarishaji akamkimbilia bibi. “Mama, wasemeshe kidogo!”

“Mwambie nyota wako awabembeleze, mwanangu.”

Akamshika mjukuu mkono, wakatoka. Mola awajalie subira waliobaki ukumbini, maana filamu haikuwa imefika hata nusu.