Machozi ya Kaka Jivu

Kwaru, kwaru, kwaru. Gizani mtu alikuwa akikwangua ukoko wa wali. Umeme ulikatika Mbinga nzima tangu magharibi, na Lidia, aliyempakata bintiye Tadea aliyesinzia, alitabasamu peke yake. Ilyasi alipenda ukoko. Tena alipenda kuja umeme ukikatika, maana hapo jirani haoni nani kaingia mlango wa nani.

"Kesho sehemu ya mwisho," alisema Ilyasi, mdomo umejaa. "Banda litafurika. Usichelewe."

"Nilichelewa lini? Wewe ndiye unachelewa. Baba ameuliza tena."

"Tumalize kwanza hii katuni, Lidia. Ikiisha tu, mshenga anapanda mlimani Litembo kwa baba yako. Wallahi."

Lidia aliamini. Baba yake, mkulima wa kahawa asiyekosa misa, alikwisha kulainika kuhusu dini ya kijana. Alichotaka ni kuona mtu mzima akibisha hodi mchana kweupe, aseme, "Mtoto huyu ni wetu." Tadea, mtoto wake na Ilyasi, alikuwa na miaka minne.

Mjini Ilyasi aliitwa Dijei. Katika banda lake la video nyuma ya soko alitafsiri katuni za Kijapani za mapigano, sauti zote mwenyewe: mzee, jini, msichana, hata farasi. Watu hawakujua kwamba maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha hakuyaelewa hata mstari. Aliyeyasoma ni Lidia, kwa Kiingereza alichokipata kwenye masomo ya jioni huku akinyonyesha. Watazamaji walimjua kama dada wa kubadili flashi. Alikaa nyuma ya pazia la kanga, mdomo karibu na sikio la Ilyasi. Yeye ananong'ona, Ilyasi anatangaza. Walikuwa wamezoeana hivi kwamba neno likiingia sikioni, mdomo wa Ilyasi ulilitoa papo hapo, na akili ikaja nyuma kama mkokoteni.

Katuni yenyewe ilikuwa ya Binti Radi, msichana aliyeanza akijificha nyuma ya ngao ya babake, na Kaka Jivu, muuaji wa kukodiwa asiye na salamu. Vijana walisubiri mapanga. Lidia alisubiri vitu vidogo. Kaka Jivu alimwachia binti maji ya mwisho bila kusema. Siku nyingine alipunguza mwendo ili amngoje. Baadaye akathubutu kulala akimpa mgongo, yeye ambaye hakuwahi kumwamini mtu. "Mtu habadiliki ghafla," Lidia alikuwa akimwambia Ilyasi. "Anaiva taratibu, kama kahawa." Na kila Kaka Jivu alipoiva kidogo, Lidia alimtazama Ilyasi na kungoja.

Kesho yake jioni watoto walikaa kwenye mkeka mbele, Tadea kati yao. Benchi la kwanza lilifutwa vumbi na kutandikwa kitambaa. Akaingia Nurdini, kaka yake Ilyasi mwenye duka la vitambaa, na nyuma yake msichana mwenye hina mbichi hadi viwikoni.

"Dada wa flashi," Nurdini alichungulia pazia, "mletee shemeji yetu soda. Safina huyo, katoka Mbamba Bay. Mahari tumeshapeleka, ndoa mfungo ukiisha. Dijei hajakwambia? Huyu naye kwa siri!"

Lidia alipeleka soda. Safina akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, dada." Sauti nzuri, isiyo na kosa.

Aliporudi nyuma ya pazia, Ilyasi hakugeuka. "Nitakueleza," alisema chini chini. "Sasa soma."

Lidia akasoma. Vita viliisha, moshi ukatanda, Kaka Jivu akatembea hadi kwa Binti Radi.

"Dijei, mapenzi ya nini? Turudishie ngumi!" alipiga kelele Rodrick wa bodaboda.

"Tulia, Rodrick, wewe hata mkeo anakupiga!" Ilyasi alimjibu kwenye maiki, banda likacheka.

Midomo ya Kaka Jivu ikaanza kucheza. Lidia aliyaona maandishi. Hakuyasoma. Alinong'ona maneno yake mwenyewe, na mdomo wa Ilyasi, kwa mazoea, ukayapokea na kuyatoa kwenye maiki:

"Nisamehe. Tuna mtoto, na miaka minne nimewaficha. Nakula kwako gizani, mchana nakupita kama sikujui..."

"Alaa! Kumbe wana mtoto!" mtu akaguta. Safina aliziba mdomo kwa furaha, akamnong'oneza Nurdini. Nurdini hakucheka.

Hapo ndipo Ilyasi aliposikia anachokisema. Akamsukuma Lidia kwa kiwiko, mpaka mgongo wake ukagonga ukuta wa mbao, akaisogeza maiki mdomoni.

"...Ndivyo unavyotaka niseme, Binti Radi?" alinguruma kwa sauti ya Kaka Jivu. "Pole! Wewe ni kuni. Nimeota moto, nimepata joto. Nani anabeba kuni zilizoungua kwenda kuzionyesha kwao?"

Banda likalipuka.

"Mpe, Dijei! Mpe zake!"

"Na mwanamke anayefungua mlango gizani, mchana anaolewa na nani? Rudi kwenu mlimani ukachume kahawa!"

Wakapiga miguu chini. Safina naye alipiga makofi, hina yake ikimeremeta kwenye mwanga wa runinga. Ilyasi hakuacha, kila walipocheka aliongeza jingine.

Lidia alisimama ukutani, yeye pekee mle bandani aliyejua kusoma kilichoandikwa. Kwenye runinga Kaka Jivu alikuwa ameuweka upanga chini. Alikuwa amepiga magoti mbele ya watu wote. Maandishi yalisema: Nilikuwa siogopi kitu. Wewe umenifundisha kuogopa kumpoteza mtu.

Akasogeza pazia, akapita kati ya magoti ya watu kwenda kumchukua mwanawe. Hawakumpisha, hawakujua kwamba ndiye wanayemcheka. Tadea alikuwa amesimama mkekani, uso umeinuka kwenye picha, akiwashangaa wakubwa wanaocheka nyuma yake.

"Kaka Jivu analia," alisema kwa sauti.