Maharage Juu ya Meza ya Kamati

Asubuhi ile fundi alikuwa anachekecha jiwe. Alikuwa na chekeche mbili, moja ya waya na nyingine ya kipande cha pazia kuukuu aliloombwa mkewe akalitoa kwa shingo upande. Kilichobaki juu ya waya kilirudi kwenye kinu cha chuma kikatwangwe tena. Kilichobaki juu ya pazia kilikuwa mchanga wa kutangulia. Kilichopita kote kilikuwa unga, laini kama poda ya mtoto, nao ndio uliokuwa unamalizia kazi.

Mtaa mzima ulikuwa na maseremala, lakini kujaza mawe kwenye mbao kulikuwa kwake peke yake. Alichora ua, au mtambaa wa mstari mrefu, juu ya ubao, akachimba mfereji mwembamba kwa patasi, akaushindilia jiwe lililosagwa, akalidondoshea gundi, akangoja ikauke. Halafu msasa, siku kutwa, mpaka kidole kipite juu ya ubao bila kujua ni wapi kimetoka kwenye mti na wapi kimeingia kwenye jiwe. Watu walioagiza meza kwake walikuwa hawatandiki kitambaa.

Jiwe la asubuhi ile lilikuwa la kijani, lenye mishipa myeupe, na lilikuwa la mpakani. Baba yake ndiye aliyelizika, kichwa kikiwa nje, baina ya kiwanja cha mwanawe mkubwa na cha mdogo, ili wasije wakashikana mashati. Mwanawe mkubwa sasa ni marehemu, na upande ule anaishi mjane wake, ambaye fundi anamwita shemeji na yeye anamwita fundi shemeji, kwa heshima inayotakiwa. Juzi shemeji alifunga mlango, akaenda kumuuguza dada yake hospitali ya mbali. Jana fundi akalichimbua jiwe.

Hakuwa na nia mbaya. Kamati ya Ardhi ilikuwa imeagiza meza ndefu ya vikao, yenye mtambaa wa kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho, katikati, ili ofisi ionekane ofisi. Na fundi alikuwa na sheria yake moja ya kazi: mstari mmoja, jiwe moja. Ukichanganya kijani cha jiwe hili na cha jiwe lile, mahali vinapokutana patakusema mpaka ufe. Mwuza mawe alikuwa na vijipande tu. Jiwe kubwa la kutosha mtambaa mzima fundi alilijua moja, na alikuwa analiruka kila siku akienda chooni.

Jiwe gumu haliingii kinuni hivi hivi. Lazima liwekwe kwenye makaa mpaka lipate moto kisawasawa, kisha litumbukizwe kwenye maji ya baridi, lipasuke lenyewe. Fundi alilitumbukiza. Jiwe likakohoa. Kilikuwa kikohozi cha marehemu baba yake, kile cha kugonga mlango kabla ya kuingia.

"Nitaweka jingine palepale," fundi aliliambia debe la maji.

Kisha akaopoa vipande, akaanza kutwanga.

Alipokwenda kuweka jingine, shimo lilikuwa limefukiwa na kuku. Ikabidi akadirie. Alisimama, akafumba jicho moja, akakadiria kwa uangalifu mkubwa, na makadirio yakaangukia ndani ya shamba la maharage la shemeji, upande wa mbali. Akapanda jiwe la kijivu hapo. Kwa kuwa sasa kiwanja chake kilikuwa kimenenepa, na karakana yake ilikuwa inambana muda mrefu, akasogeza ukuta wa mabati na kumwaga sakafu ya saruji. Maharage yalikuwa na maua wakati huo. Alimwaga bila kutazama chini, kama mtu anayetema mate gizani.

Meza ikaisha, ikapendeza, ikachukuliwa. Shemeji akarudi.

Alisimama mlangoni pa karakana na mkoba bado begani.

"Shemeji, habari za hapa."

"Nzuri, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakula. Maharage yangu yako wapi?"

Fundi akapuliza vumbi juu ya benchi lisilokuwa na vumbi. "Mpaka uko pale, shemeji."

"Jiwe la baba lilikuwa la kijani. Lile ni la kijivu."

"Limechujuka. Jua la mwaka huu unaliona mwenyewe."

Shemeji alilitazama jiwe, akalitazama jua, akamtazama fundi. Kwa bahati mbaya hakumtukana. Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa na majibu mazuri ya matusi.

"Sawa, shemeji," alisema, akaenda kushitaki.

Kule ofisini, meza ilikuwa imeanza kuota. Vichipukizi vilitoboa vanishi upande mmoja tu wa mtambaa, ule wa dirishani, vikatoa majani mawilimawili yenye umbo la moyo. Upande wa pili, wa mlangoni, meza ilibaki mbao tupu. Hakuna mmea uliovuka jiwe. Shina lililokaribia mstari liligeuza shingo likarudi kwao.

Katibu, mwanamke mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, ndiye aliyeona wa kwanza. Alihamisha mafaili upande usio na mimea. Mvua ilipokuwa inanyesha mtaa wa fundi, nusu ya meza yenye mimea ililowa chini ya bati zima, akaweka matambara pembeni. Maharage yalipoanza kulala, akayachomekea rula.

"Yanahitaji samadi haya," alisema Mwenyekiti, mtu wa tumbo na taratibu, siku ya kwanza aliyoyaona.

"Bajeti ya samadi hatuna," alisema Katibu.

"Basi yamwagilie chai iliyobaki. Bila sukari."

Na kikao kikaendelea.

Habari zilimfikia fundi akiwa anapiga msasa. Mteja mmoja alimwambia meza yake ya ofisini imezaa, kwa sauti ya kumwambia mtu kwamba ng'ombe wake amezaa. Fundi alisema asante. Kuanzia siku hiyo alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya kazi na kutazama sakafu yake ya saruji. Ilikuwa sakafu safi, haina hata ufa. Angalau ingepasuka. Usiku na mchana aliisubiri impe hata ufa mmoja, nayo ikamwonyesha uso mkavu.

Mwenyekiti, mtu muungwana, alimtumia mfuko wa maharage mabichi ya mwanzo kwa kuwa yeye ndiye fundi wa meza. Mke wa fundi akayapika. Yalikuwa yenye madoa mekundu, mbegu ambayo shemeji aliitunza kwenye chupa tangu alipoolewa, na ambayo mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

"Kula basi," mkewe alisema. "Au unangoja yakulishe yenyewe?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi umekula vumbi."

Fundi akaweka kijiko kimoja mdomoni. Yalikuwa mazuri, yameiva, yana chumvi ya kutosha. Yalifika kooni yakakaa. Hayakumkaba, yalikaa tu pale kistaarabu, kama wageni waliokaribishwa ukumbini wakaachwa. Alilala nayo.

Siku ya shauri ilipofika, fundi aliketishwa upande wa mlangoni na shemeji upande wa dirishani, mtambaa wa kijani ukiwa katikati yao. Maganda yalikuwa yamejaa mpaka yananing'inia ukingoni. Shemeji alikuwa amevaa nguo yake ya msiba, iliyopigwa pasi. Alikaa, akayaona yaliyokuwa mbele yake, akanyoosha mkono, akang'oa gugu moja dogo. Akaliweka mfukoni ili asichafue ofisi.

"Haya ni maharage yangu," alisema.

"Mama, maharage yote duniani yanafanana," alisema Mwenyekiti.

Shemeji akapasua ganda moja, akalifungua mbele yao. Madoa mekundu. Mwenyekiti akavaa miwani ya Katibu, ile ya kichwani, akayatazama.

"Endelea."

"Na jiwe letu ni hili." Shemeji aliweka kidole kwenye mtambaa. "Huku kwangu, huko kwa shemeji. Kama lilivyokuwa. Hata majani yanajua."

Wajumbe wakainama kutazama. Mmoja alijaribu kulivutia shina upande wa mlangoni; shina likamponyoka na kurudi. Akatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo lilivyo.

Fundi alihisi jasho linamtoka mgongoni, na pamoja nalo kitu kilichokuwa karibu na furaha. Sasa imefika, aliwaza. Sasa watanifunga, au watanivunjia karakana, au angalau watanifokea. Alitamani kufokewa kama mtu anavyotamani maji.

"Fundi," alisema Mwenyekiti, "jiwe hili ulilitoa wapi?"

"Mpakani," alisema fundi.

"Mpaka upi?"

"Wetu. Mimi na shemeji. Nilichimbua akiwa safarini. La kijivu nimeliweka mimi, si mahali pake."

Alisema yote kwa mkupuo. Alipomaliza, ganda moja lilikauka, likapasuka, likamwaga mbegu zake juu ya kumbukumbu za kikao. Katibu akazikusanya.

Mwenyekiti aliegemea kiti chake. Kwa muda alionekana mtu anayefikiri, na huenda alikuwa anafikiri.

"Kwanza," alisema, "kamati inampongeza fundi kwa ukweli wake. Watu wa namna hii ni wachache."

Wajumbe wakapiga makofi. Fundi alitazama magoti yake.

"Pili. Mpaka uko pale lilipo jiwe. Hiyo ndiyo sheria, sikuitunga mimi. Jiwe la kijani liko wapi? Liko hapa ofisini, kila mtu analiona, na linafanya kazi yake vizuri sana. Kwa hiyo haliko kiwanjani. Kiwanjani kuna jiwe gani?"

"La kijivu," alisema Katibu.

"La kijivu. Haiwezekani kiwanja kimoja kiwe na mawe mawili, moja liko ardhini na jingine liko kwenye samani. Kamati inatambua la kijivu."

"Amesema mwenyewe kaliweka si mahali pake," alisema shemeji.

"Na tumempongeza, mama."

"Na maharage?"

Hapo Mwenyekiti alishauriana na wajumbe kwa kunong'ona. Lilikuwa jambo gumu zaidi. Walinong'ona mpaka chai ikaletwa.

"Meza ni mali ya ofisi," alisema hatimaye. "Kinachoota mezani ni cha ofisi. Lakini kamati haina roho mbaya. Mama, unaonekana unayajua haya maharage. Kupalilia unaruhusiwa. Saa za kazi."

Nje, kwenye ngazi, fundi alimsubiri shemeji yake. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili.

"Shemeji, mimi hiyo sakafu nitaivunja. Kamati itake isitake."

"Lini?"

Fundi alikuwa na kabati la watu, nusu limechorwa, na mwenye kabati alikuwa na harusi. "Nikimaliza kazi niliyo nayo."

"Sawa, shemeji," alisema yeye, kwa sauti ileile ya siku ya kwanza.

Kabati likaisha, likaja sanduku. Sanduku likaisha, ikaja milango ya mtu aliyelipa mapema, na huwezi kumwambia mtu aliyelipa mapema kwamba unavunja sakafu. Nyundo kubwa fundi aliinunua kweli, akaiegemeza ukutani mahali ambapo angeiona kila akiinua kichwa. Aliiona. Akazoea kuiona. Mkewe akaanza kuitundikia aproni.

Shemeji alikuwa anakwenda ofisini mara kwa mara na kijembe kidogo cha bustani. Alipalilia huku kamati ikikata mashauri ya watu wengine, akinyanyua mafaili yaliyokuwa njiani na kuyarudisha. Wenye mashauri walidhani ni mfanyakazi wa pale. Mavuno yaligawanywa kwa wajumbe kwa cheo. Mambo yakatulia hivyo.

Kisha fundi akaitwa. Alikwenda mbio, moyo unamdunda, akidhani labda wamebadili hukumu.

Mwenyekiti alimpokea kwa mikono miwili. "Fundi wetu! Tunataka meza ya pili. Chumba kile cha ndani. Lile jiwe, lilibaki?"

Lilibaki. Lilikuwa kwenye kopo la maziwa, juu ya rafu, unga na mchanga wake. Fundi alifungua mdomo kusema limekwisha.

"Lipo kidogo," alisema.

"Safari hii uwe mtambaa mpana. Katibu anapenda mahindi."

Kwa hiyo fundi aliingia chumba cha ndani, akatoa futi yake ya kuvuta. Chumba kilikuwa kirefu na futi ililegea katikati, kila akiibana mwisho mmoja, wa pili unaruka. Alihitaji mtu wa kumshikia. Aligeuka, na mtu aliyekuwa karibu, kwenye meza ya kwanza, mikono ikiwa na udongo mpaka vifundoni, alikuwa shemeji.

Hakumwomba. Shemeji alifuta mikono kwenye kanga, akaja, akachukua mwisho wa futi, akachuchumaa akaubana pembeni kabisa mwa ukuta, barabara, bila kupunja hata unene wa ukucha. Futi ikanyooka baina yao.

Fundi aliinamia namba. Macho yalikuwa yamemjaa maji na hakuona kitu.

"Soma basi, shemeji," alisema yeye kutoka upande wa pili. "Mkono unachoka."